Mama Hayuko Tenma, Hayuko Tezukayama

Tenma, Osaka
8 Mei 1967

Chizuru,

Salamu sina. Nilizimaliza jana pale getini kwenu.

Ulisema wiki mbili. Mama aliteleza kwenye vigae vya bafu letu la biashara mwezi wa pili, akavunjika kifundo cha mkono, na wewe ukaja hospitalini na teksi wakati mimi na mume wangu tuko nyuma tunachochea moto wa wateja wa jioni. "Acha apumzike kwangu wiki mbili tu, dada." Sasa ni mwezi wa tano. Mfupa umeunga, micheri imechanua na kupukutika, na mama bado anapumzika. Amechoka nini huyo?

Jana nikapanda tramu mpaka huko kwenu mlimani, Tezukayama. Mtaa gani ule? Kuta ndefu, misonobari imenyolewa kama makuruta, na barabarani hakuna hata mtu mmoja. Nilitaka kuuliza njia, nikakosa wa kumuuliza. Hata mbwa wenu wanabweka kwa adabu. Nikabonyeza kengele, akatoka mama mkwe wako, akaniangalia kuanzia miguuni kupanda juu, akasema kwa sauti ya asali: "Mama amelala. Samahani sana kwa usumbufu wa safari." Geta likafungwa. Amelala, asubuhi ile! Mama yetu, anayeamka kabla ya muuza tofu!

Hapa kila anayekuja kuoga ananiuliza. Fundi wa viatu vya mbao: "Bibi Yone mmemtupa wapi?" Mke wa muuza mwani: "Au amekufa mnatuficha?" Nimechoka kujibu. Kwenye kizimba cha mlangoni, pale alipokuwa akikaa kupokea wateja, nakaa mimi sasa, na Tokuji anachochea moto peke yake na mgongo wake ule unaoujua.

Mrudishe. Na usinipigie simu. Simu yenu iko ukumbini, na mama mkwe wako ana masikio marefu.

Dada yako,
Fusae


Tezukayama
10 Mei 1967

Mpendwa Dada Fusae,

Natumaini wewe na shemeji Tokuji mko salama, na kwamba mvua za juzi hazikuwasumbua.

Nimeisoma barua yako mara mbili, nijihakikishie kwamba ni dada yangu aliyeiandika. Hukutaja kwamba ulikuja na mabuti ya mpira na aproni. Hukutaja kwamba geta lilipofungwa ulisimama katikati ya barabara ukaita "Mamaa! Mamaa!" mpaka madirisha ya jirani yakafunguliwa. Hapa watu hawaitani barabarani, Dada. Nimeishi hapa miaka kumi na mmoja, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza jirani yetu Bi. Hanabusa kuniuliza kama nyumbani kwetu kuna msiba.

Mama ana chumba chake, kinaangalia bustani. Anakula vizuri. Daktari humjia. Huko Tenma amevuta masizi maisha yake yote, amekaa kwenye mvuke mpaka nywele zikawa kama kamba iliyolowa. Huko mtu akipiga chafya mwanzo wa soko, mwisho wa soko wanajadili homa yake. Ninyi mnaita huo upendo. Mimi nauita kukosa mlango.

Ni kweli, haongei sana siku hizi. Utulivu umemwingia. Usiukorofishe.

Nina ombi moja. Ukija tena, tafadhali isiwe Alhamisi, siku ambayo mama mkwe hupokea wageni wa chai. Na ingekuwa vyema upitie mlango wa nyuma, upande wa jikoni. Ni karibu zaidi ukitokea kituo cha tramu.

Mdogo wako,
Chizuru


Tenma
13 Mei 1967

Bibie wa Mlimani,

Karibu zaidi ukitokea kituoni! Unamdanganya nani? Niliizunguka nyumba ile nzima nikitafuta dirisha la mama. Mlango wa nyuma ndio wa mbali. Mlango wa nyuma ni wa muuza samaki na wa mzoa taka, na sasa wa dada yako wa tumbo moja.

Tumekosa mlango, ndiyo! Ulipopata dondakoo, una miaka sita, umeshakuwa wa buluu, nani alikubeba? Fundi wa viatu vya mbao, yule yule anayeuliza maswali mengi, alikutia mgongoni akakimbia na wewe peku mpaka kwa daktari. Na mke wa muuza mwani akaja kukaa kizimbani ili mama awe na wewe. Hawakuitwa, waliona tu, kwa sababu hatukuwa na mlango. Tungekuwa na geta kama lenu ungekufa nyuma yake, kwa heshima kabisa, na jirani wangekuja baada ya wiki kuuliza kama kuna msiba.

Utulivu umemwingia! Mama hajawahi kuwa mtulivu. Mama alikuwa akimgombeza mteja aliye uchi mpaka anarudi kujisugua tena. Kama amenyamaza, basi kuna mnalomfanyia.

Alhamisi ndiyo nitakuja. Na aproni nitavaa mbili.

Fusae


Tezukayama
19 Mei 1967

Dada,

Umefanikiwa. Hongera.

Jana nilishinda roho juu nikikusubiri, hukuja. Kumbe ulikuwa unapanga kuja leo, nikiwa nimetoka. Niliporudi kutoka dukani nimekuta chumba cha mama kitupu. Godoro limekunjwa, na juu yake karatasi: "Naenda zangu. Asanteni kwa chakula." Kama mpangaji! Maneno hayo si yake, umemfundisha wewe.

Ungeweza kunisubiri. Ungeweza kubishana nami usoni badala ya kumwiba mzee mchana kama mtu anayeiba kuku. Ulimpeleka kwa gari gani? Mkono wake bado hauwezi kubeba.

Jana kulitokea jambo dogo la kutoelewana mbele ya wageni. Si la kusimulia. Bila shaka ameshakusimulia, nawe umeshalikuza mpaka limekuwa tembo. Mwambie nguo zake za majira ya joto ziko kwangu. Mwambie pia

Basi, usimwambie kitu.

Chizuru


Tenma
20 Mei 1967, kwa posta ya haraka

Chizuru,

Hayupo hapa! Umenisikia? Mama hayupo hapa, hajafika hapa, sijamwona tangu ulipompakia kwenye teksi yako!

Nimepiga simu kwenu mara mbili, mimi niliyekukataza simu. Mama mkwe wako ameniambia umelala. Mnalala sana katika nyumba ile.

Leo bafu halikuwashwa. Soko zima limetawanyika. Fundi wa viatu yuko kituo cha Umeda anaangalia kila bibi usoni, mke wa muuza mwani amekwenda Tennoji, Tokuji yuko polisi na mgongo wake. Vinyozi wako mtoni. Ndiyo, mtoni, na usiniulize wanatafuta nini mtoni, maana nikilifikiria hilo nitakuja huko na fimbo ya kuchochea moto. Jirani zako wewe wamefanya nini? Wamefungua dirisha?

Alhamisi sikuja kwa sababu Tokuji aliganda mgongo, hawezi hata kuinama. Ningekuja. Na ningekuja, mama asingeondoka.

Jambo dogo gani? Niandikie leo hii. Jambo dogo gani, Chizuru?

Fusae


Taisho
22 Mei 1967

Kwa Fusae na kwa Chizuru,

Barua hii nimeiandika mara mbili, kila mtu na yake, msije mkagombea karatasi. Natumia herufi za darasa la kwanza, ndizo nilizonazo. Someni polepole.

Siko mtoni. Leo askari wa kituo cha hapa amekuja kuniambia kwamba Tenma yote inanitafuta, na vinyozi wamelowa hadi kiunoni. Nimemwambia sijapotea. Mimi ni mtu mzima, nimehama.

Fusae, mdogo wako hajakwambia, kwa hiyo nakwambia mimi. Alhamisi walikuja wanawake wa chai. Mimi nilikuwa bustanini nang'oa majani, mikono yangu haijui kukaa. Akapita yule Bi. Hanabusa, akanitazama, akamwambia mama mkwe: "Mmebahatika kumpata mtumishi mzee. Hawa wa zamani ndio wanaojua kazi." Mama mkwe akatabasamu. Chizuru alikuwa amesimama pale pale na trei. Tukaangaliana, mimi na yeye. Akasema, "Chai itapoa."

Nilimsubiri mpaka jioni aje chumbani aniambie neno. Alikuja kuniuliza kama nimekula.

Usianze kufurahi, Fusae. Nakuona hapo ulipo unapiga paja.

Bafu lile lilikuwa la baba yenu, na la baba yake. Nililetwa pale nina miaka ishirini, wakanipandisha kizimbani, sikushuka mpaka siku niliyoteleza. Mvuke ule siupendi. Sijawahi kuupenda. Baba yenu alipokufa nilifikiri sasa nitashuka, ukaniambia, "Mama, wateja wamekuzoea." Barua yako ya kwanza niliiona, Chizuru aliisahau mezani. Umeandika wateja wananiulizia. Umeandika mgongo wa Tokuji. Hukuandika kuuliza kama mkono wangu unauma. Unauma, hasa ikinyesha. Huko mlimani waliniita mtumishi. Kwako sikuitwa, nilikuwa tu.

Na nyote wawili mmegombana miezi mitatu, Tenma, Tezukayama, Tenma, Tezukayama, kama watu wanaovutana shuka, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi nataka kukaa wapi. Nilizaliwa alipokaa baba yangu. Nikaolewa alipokaa baba yenu. Nikavunjika, nikapelekwa alipokaa binti. Sijawahi kuchagua hata kichochoro.

Ijumaa nikapanda tramu, kisha basi, mpaka basi likafika mwisho. Kulikuwa na mto na kivuko, na kivuko ni cha bure, nikapanda. Ng'ambo sikujua pa kwenda, nikarudi nacho. Nikavuka tena. Mwanamke mmoja mwenye beseni akanigombeza: "We mama, unavuka au unabembea?" Nikacheka, sikujua kama bado nacheka. Nikamwambia sijui niendako. Akasema, "Basi shika beseni upande huu, zito."

Anaitwa Uto Kinjo. Alitoka visiwa vya kusini, Okinawa, kabla ya vita, msichana wa kiwanda cha pamba. Ana duka la choroko zilizochipua na miguu ya nguruwe ya kuchemsha, na juu ya duka kuna chumba kidogo cha kuenea mikeka mitatu. Dirisha linaangalia mabomba ya moshi. Nyundo za viwandani zinagonga tangu alfajiri, harufu ni ya chuma na nguruwe, na majirani wanaimba usiku kwa lugha nisiyoielewa hata neno. Nimekipenda. Nimekichagua mwenyewe. Asubuhi tunachambua choroko, mchana nikitaka nalala.

Msije kunichukua.

Mama yenu,
Yone


Tezukayama
24 Mei 1967

Dada Fusae,

Najua unachokisema huko, kwa hiyo acha nijibu kabla hujakiandika.

Sikusema uongo. Nilinyamaza. Wewe hujui kuishi na watu wanaoweza kukumaliza bila kupandisha sauti. Huko kwetu mtu akikuchukia anakutupia ndoo ya maji, mnagombana, kesho mnakopeshana chumvi. Hapa mtu akikuchukia anakusifu kimono chako, na mwezi ujao hualikwi popote, na hutajua kosa lako maisha. Miaka kumi na mmoja nimejifunza kuongea kama wao, kula kama wao, kucheka nikiwa nimefunika mdomo. Siku ile nilisimama na trei na maneno yakagoma kutoka. Wewe ungeyatoa. Wewe huna cha kupoteza.

Lakini Taisho, Dada! Kwa watu wa Okinawa! Nguruwe chini ya dirisha! Mama mkwe wangu akisikia, itakuwa bora mama angebaki kuwa mtumishi. Mume wangu Kunihiko anatarajia kupandishwa cheo mwaka huu, na wakubwa wake huuliza habari za ukoo mzima.

Jumapili nakwenda kumtoa. Twende pamoja. Peke yangu hatanisikiliza.

Chizuru


Tenma
25 Mei 1967

Chizuru,

"Chai itapoa." Maneno haya yamenikaa kichwani tangu barua ifike. Nayasema nikisugua vigae, nayasema nikichochea moto. Tokuji ananiuliza chai gani. Mimi trei ile ningeimimina yote kwenye kifua cha huyo Hanabusa wako, na birika juu yake. Sina cha kupoteza! Nina mama, pumbavu wewe. Hicho ndicho cha kupoteza.

Na usifikiri mimi nimepona. Mama naye kanipiga kofi langu. Kizimba ni kazi ya heshima, mtaa mzima unakuamkia. Nani alimlazimisha? Mimi sikumlazimisha. Nilimwomba tu, kila siku.

Sitaki kulizungumza hilo.

Lakini kwa watu wa visiwani, hapana. Hapo tuko pamoja. Wanajulikana hao, wanakulewesha pombe yao kali, ukiamka umeshatia sahihi. Huyo Uto ana lake jambo. Hakuna mtu anayemwokota bibi kwenye kivuko kwa mapenzi tu.

Jumapili, saa nne, kivukoni. Na usivae zile glavu.

Fusae


Taisho
29 Mei 1967

Fusae na Chizuru,

Mmenitia aibu.

Chizuru, ulisimama mlangoni muda wote na leso puani, kama uko kwenye maiti. Fusae, ulisimama dukani kwa mtu, mbele ya wateja wake, ukamwambia, "Mama yetu unamtakia nini? Unamfanyisha kazi bure!" Wewe! Kati ya watu wote duniani, wewe ndiye ulisema hivyo! Nilitamani beseni linimeze.

Na Uto je? Aliwawekea tambi na nyama. Hamkugusa. Mlipoondoka alizila mwenyewe, bakuli zote mbili, akaniambia, "Angalau mabinti zako wana mapafu."

Usiku nikamuuliza mengine. Alipofika mji huu alitembea mtaa kwa mtaa akitafuta chumba, na kwenye milango kulikuwa na karatasi: Watu wa Okinawa hawapangishwi. Tenma ilikuwemo, Fusae, Tenma yako ya watu wasio na mlango. Alipita mbele ya bafu letu siku ya baridi, amechoka, anatamani maji ya moto, hakuingia. Alihofia kufukuzwa mbele za watu. Na mimi nilikuwa ndani, kizimbani. Najiuliza ningemwambia nini. Sina hakika na jibu, na hilo linaniudhi kuliko ninyi.

Tangu mkiwa wasichana nawasikia: mtaa huu una moyo, mtaa ule una adabu. Moyo kwa nani? Adabu kwa nani?

Niliwaona kutoka dirishani mkirudi kivukoni. Mmeshikana mikono. Miaka yote nimetamani mpatane, sikujua kumbe kilichohitajika ni mtu wa tatu wa kumdharau.

Msiniombe radhi mimi. Mimi ni mama, nitawasamehe hata msipoomba, ndio ubaya wa kuwa mama. Mwombeni yeye, kila mtu kwa miguu yake mwenyewe, sio mmeshikana. Mpaka hapo, msije.

Yone


Tenma
19 Juni 1967

Chizuru,

Nimekwenda. Wewe bado, najua, nimemuuliza mama.

Mvua ilikuwa ya kumwaga. Nilimwomba radhi Uto vibaya. Nilianza kwa kusema, "Mimi nikikasirika siongei, nafoka," akasema, "Nilisikia, nilikuwepo." Nikasema samahani. Akanisukumia kigoda. Nikachambua choroko mpaka magoti yakafa ganzi, na wao wawili wananicheka kwa jinsi ninavyovunja mikia. Mama anacheka na mdomo wazi, hana meno mawili. Sikujua kwamba hana. Chizuru, mimi nimekaa naye maisha yangu yote.

Nikataka kulipa ubaya ule, nikawaambia njooni mwoge kwangu, mchana, kama wateja. Jumamosi wakaja. Nimemwajiri mjane wa mtaa wa nyuma akae kizimbani, kwa hiyo mama hakuwa na pa kupanda, akaingia tu na taulo yake kama watu. Uto akaingia baada yake. Mikononi ana chale za zamani za kwao, mabibi wa huko walichanjwa wakiwa wasichana. Maji yalikuwa na wanawake watano. Mke wa muuza mwani akaziona zile chale. Akainuka. Akatoka majini na watoto wa dada yake, akasema kwa sauti ya kusikika, "Siku hizi mnaingiza kila kitu humu."

Mke wa muuza mwani! Aliyekaa kizimbani ulipokuwa unakufa!

Nikamfuata mpaka chumba cha nguo, sitakuandikia niliyoyasema. Fundi wa viatu alikuwa upande wa wanaume, anasema aliyasikia na maji masikioni. Sasa mimi na mke wa muuza mwani hatusemeshani. Wanawake kadhaa wamehamia bafu la mtaa wa pili kwa ajili yake. Napita sokoni na watu wanaangalia mboga. Hasira niliyonayo sijui niiweke wapi, maana mtaa huu nimeutetea kwako tangu ulipoolewa, nikikuona wewe ndiye uliyepotea.

Uto yeye alibaki majini. Alimuuliza mama, "Ndivyo ulivyokuwa unakaa na watu hawa miaka yote?" Mama akasema, "Ndiyo, na walikuwa wazuri sana kwangu." Sauti yake wakati anasema hivyo ilinitisha.

Nenda, Chizuru. Usisubiri upate maneno mazuri. Mimi sikuyapata.

Fusae


Tezukayama
5 Julai 1967

Dada,

Nimesema.

Alhamisi iliyopita, kwenye chai. Bi. Hanabusa aliuliza, "Yule mtumishi wenu mzee simwoni siku hizi?" Mama mkwe akafungua mdomo ajibu, nikamtangulia. Nikasema, "Yule si mtumishi. Yule ni mama'angu mzazi. Kaondoka hapa kwa sababu ya kunyamaza kwangu." Na nilisema kwa lafudhi ya kwetu, Dada, ya Tenma kabisa, ilitoka yenyewe.

Unajua alifanya nini? Aliweka kikombe chini, akageukia bustani, akasema, "Haidranjia zenu mwaka huu zimechanua sana." Wote wakageuka kuangalia haidranjia. Hakuna aliyepandisha sauti. Waliendelea kusifu maua mpaka saa ya kuondoka.

Tangu hapo mama mkwe anaongea nami kupitia kwa Kunihiko, hata nikiwa nimekaa mbele yake. "Mwambie mkeo apitishe mchuzi." Kunihiko naye aliniuliza, "Kulikuwa na haja gani sasa, wakati mama keshaondoka?" Nikamwambia haja ilikuwa yangu. Akasema cheo chake nacho kilikuwa haja yangu pia. Nilimrushia mto. Mimi! Ukapiga dirisha, na jirani bila shaka wamesikia.

Asubuhi yake nikaenda Taisho. Uto alikuwa peke yake dukani. "Wewe wa leso," akasema. Nikasema ndiye. Nikapiga magoti pale sakafuni, kwenye maji ya choroko, nikamwomba radhi. Akasema, "Mimi mji huu hawajaniomba samahani mara nyingi, sijui hata inajibiwaje. Simama, utalowa." Akaniwekea bakuli la tambi. Nikala zote. Tamu, Dada. Ziliniudhi kwa utamu.

Mama akaja na kapu la mboga, amevaa viatu vya mpira vya kiume. Nikamweleza yote, Bi. Hanabusa, maua, mto. Nilifikiri atanikumbatia, nakiri. Akanisikiliza mpaka mwisho akaanza kufoka. "Maua! Mtu anaambiwa habari ya mama wa mtu, anasifu maua!" Alifoka mpaka akakohoa. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili alikuwa amekasirika upande wangu.

Basi nikathubutu. Nikamwambia, "Mama, siwezi kurudi kule. Nitakaa hapa na wewe."

Akasema, "Hapana."

"Siku chache tu."

"Hata moja. Mikeka ni mitatu na yote yangu. Chizuru, wewe hukutaka Taisho, unataka mahali pa kujificha. Rudi kule ukaishi ukiwa mwanangu, waone watakufanya nini. Ukishindwa, tafuta chumba chako, mtaa wako, uchague kwa macho yako mwenyewe. Mji huu ni mkubwa. Sikuhama mimi ili wewe uje unifuate na virago."

Nilikasirika kivuko kizima, nikakasirika basi zima, na kwenye tramu mtu mmoja alinipisha kiti kwa kuniogopa. Nimerudi. Nimekaa mezani mbele ya mama mkwe nikamwambia, bila kumpitia mtu, kwamba Jumapili zangu zote kuanzia sasa ni za mama yangu.  Mchuzi, aliuomba mwenyewe.

Jana ikawa zamu ya Kunihiko. Alikuja jikoni, akasimama, akakuna sikio, akauliza kama anaweza kuja nami Jumapili, na kama akija, inafaa abebe zawadi gani.

Nimemwambia abebe mikono, choroko zipo.

Mdogo wako,
Chizuru